Mapenzi ya kweli hayangoji Februari

KILA ifikapo Februari 14, miji yetu huvaa rangi nyekundu. Wauza maua hupanga waridi kando ya barabara za Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Mikahawa hubandika matangazo ya chajio cha watu wawili. Na siku hizi hata mashada ya noti zilizokunjwa mfano wa maua yamepata wanunuzi. Vijana wasio na hela hujificha siku hiyo kama wadeni, ilhali walio nazo huzimwaga ili waonekane kwamba wamependa. Baada ya siku chache waridi hunyauka ndani ya glasi, na mambo hurejea yalivyokuwa.

Sina ugomvi na waridi. Maua ya Naivasha yamewalisha na kuwasomesha watoto wengi wa nchi hii, na anayemnunulia mkewe ua hajatenda kosa lolote. Ugomvi wangu ni na imani iliyoanza kuota mizizi miongoni mwetu, kwamba mapenzi ni bidhaa ya dukani yenye tarehe yake maalumu, kama ulivyo mtihani wa kitaifa. Wahenga walinena kwamba mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Nami naongeza kwamba kikohozi hakina tarehe. Humtoka mtu usiku wa manane, humtoka akiwa kazini, na humtoka mbele ya wageni hata asipotaka. Mapenzi yanayosubiri kalenda ili yaonekane yana dosari mahali fulani.

Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba mapenzi ya kila siku hudhihirika zaidi katika mambo matatu ambayo wengi wetu huyadharau. La kwanza ni kitabu kinachosomwa kwa sauti nyumbani; la pili ni muda tunaowatengea jamaa zetu; na la tatu ni mnyama anayetunzwa uani. Yamkini msomaji atauliza paka ana uhusiano gani na kitabu. Namwomba avute subira kidogo.

Nianze na kisa changu mwenyewe, maadamu ndicho kilichonifungua macho. Mama yangu ni mjane na anaishi mashambani. Kwa miaka mingi nilijihesabu mwana mwema kwa sababu sikukosa hata mara moja kumtumia fedha kwa simu kila mwisho wa mwezi. Ujumbe wa kuthibitisha kwamba fedha zimefika ndio uliokuwa salamu zangu, ziara yangu na mapenzi yangu kwake. Nikishauona, niliiweka simu mfukoni na kuendelea na shughuli zangu nikiwa na moyo mkunjufu.

Mwaka jana, wakati wa likizo ya Agosti, nilikwenda kumzuru bila ya kumwarifu. Nilimkuta kibarazani. Mpwa wangu wa miaka kumi alikuwa ameketi mkekani akimsomea hadithi kutoka katika kitabu kilichochanika jalada, na yule paka mzee aliyekuwa wa marehemu baba alikuwa amejikunja mapajani mwa mama. Mtoto alipokosea neno, nyanya yake alimsahihisha. Walipofika mahali pa kuchekesha walicheka wote wawili, paka akafumbua jicho moja, akalifumba tena. Nilisimama kando ya mchongoma kwa muda, kwani nilihisi kana kwamba nimeingia nyumba ya watu bila ya kubisha hodi.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba mama alikuwa haoni tena maandishi. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili. Mwanamke ambaye maisha yake yote alilisoma gazeti kutoka ukurasa wa kwanza hadi matangazo ya vifo, sasa alikuwa akisomewa. Nilimwuliza kwa nini hakunieleza. Akanijibu bila ya kinyongo: "Mwanangu, wewe hupiga simu kuuliza kama pesa zimefika, nami hukwambia zimefika. Macho hukuyauliza."

Sikuwa na la kujibu. Yule mtoto hajawahi kumtumia nyanya yake hata shilingi moja, lakini ndiye aliyejua kwamba haoni. Hata paka, kama alivyonieleza mama, alikuwa ameacha kulala mlangoni tangu siku aliyokanyagwa kwa bahati mbaya. Waliokuwa karibu naye walijua. Mimi niliyemlisha sikujua. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba mapenzi, kabla ya kuwa kutoa, ni kujua. Na mtu hawezi kumjua asiyekaa naye.

Tukiitazama fasihi yetu wenyewe, tutaona kwamba kitabu na mapenzi ya jamaa ni ndugu wa damu. Mnamo 1858 hivi, katika visiwa vya Lamu, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, alikuwa ameugua kwa mwaka mzima. Alijua kwamba huenda asipone. Hakumwachia binti yake dhahabu peke yake. Alimwita aje karibu, aketi, alete wino na karatasi, kisha akamtungia utendi wa mawaidha ambao hadi leo unasomwa na kuhakikiwa katika vyuo vikuu. Wapo wahakiki wa kisasa wanaoyapinga baadhi ya mawaidha hayo, hasa yale ya utiifu wa mke kwa mumewe, na wana haki ya kuyapinga. Lakini hakuna awezaye kulikana jambo moja: kazi ile ilianza kama mazungumzo ya mama mgonjwa na bintiye, wakiwa wameketi pamoja. Kabla ya kuwa johari ya taifa, ilikuwa jambo la nyumbani.

Sheikh Shaaban Robert naye, aliyezaliwa 1909 na kufariki 1962, alifuata njia hiyo hiyo. Mkewe Amina alipofariki, alimlilia kwa shairi. Binti yake alimtungia Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume akamtungia Utenzi wa Adili. Mtumishi huyo wa serikali hakuwa tajiri, na kama wengi wetu, kazi ilimhamisha kutoka mahali hadi mahali. Hata hivyo, alipata wasaa wa kuketi akawaandikia wanawe yale aliyotaka wayajue. Je, ni wazazi wangapi miongoni mwetu, wenye simu mfukoni na kalamu mezani, ambao wamewahi kuwaandikia watoto wao hata barua ya ukurasa mmoja?

Nasikitika kusema kwamba katika nyumba nyingi za Kenya, kitabu si chombo cha mapenzi bali ni chombo cha vitisho. Mtoto huambiwa, "Chukua kitabu usome!" kwa sauti ile ile anayoambiwa aoshe vyombo. Vitabu vilivyomo ni vya kiada tu, na hutoweka mara mtihani ukishafanywa. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa 1985, na sioni kwamba mtaala wa umilisi, uliosambazwa kote nchini kuanzia 2019, umeyabadilisha sana mazoea hayo nyumbani. Mtoto hukua akiamini kwamba kusoma ni adhabu inayokwisha siku ya matokeo. Ndiyo sababu utamkuta mtu mwenye shahada mbili ambaye sebuleni kwake mna runinga kubwa kama mlango, lakini hamna hadithi hata moja ya kumsomea mwanawe.

Na bado tunajua kwamba Wakenya wakipata kitabu kizuri hukipenda. Riwaya ya Siku Njema ya marehemu Ken Walibora, iliyochapishwa 1996, ilitahiniwa shuleni. Walakini waliomaliza shule zamani wangali wanaizungumzia kwa furaha. Sababu yake haikufichika. Ni hadithi ya kijana anayesafiri masafa marefu kumtafuta babake. Ni hadithi ya jamaa, na kila msomaji alijiona humo.

Aidha, serikali haina budi kubeba sehemu yake ya lawama. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya 2013 iliviwekea vitabu kodi ya asilimia 16, kana kwamba kitabu cha hadithi ni kitu cha anasa. Mzazi wa kipato cha chini akisimama dukani baina ya kitabu na pakiti za unga, atachagua unga, na nani atamlaumu? Kwa ajili hiyo maktaba za umma si pambo bali ni sehemu ya malezi. Tangu 1996 Shirika la Huduma za Maktaba nchini limekuwa likitumia ngamia huko Garissa kuwapelekea wafugaji vitabu, wakibebeshwa masanduku pamoja na hema na mikeka ya watoto kuketia. Nikiufikiria msafara huo huona kwamba hao ngamia wametushinda sisi wa mjini. Sisi tuna mabasi na lami, na bado mtoto wa mtaa wa mabanda hana kitabu cha kuazima karibu na kwao.

Hapa pia tujihadhari na mapenzi yanayojifungia mlango. Jengo la maktaba ya McMillan jijini Nairobi lilifunguliwa 1931. Lady Lucie McMillan ndiye aliyelijenga kumkumbuka mumewe, Sir Northrup McMillan, aliyefariki 1925. Ni ukumbusho mzuri wa mke kwa mume, wenye sanamu za simba wanaolinda mlango. Lakini Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma humo hadi uhuru ulipokaribia. Yaani jengo la mapenzi lilikuwa pia jengo la ubaguzi. Fundisho lake ni kwamba anayewapenda walio wake pekee na kumfungia jirani nje, mapenzi yake ni nusu.

Sasa nigeukie wanyama, maana najua kuna wasomaji waliokwisha kutabasamu. Lugha yetu haijawatendea haki. Tunasema shukrani ya punda ni mateke, na tunasema punda afe mzigo wa bwana ufike, wala hatuoni kwamba methali ya pili ndiyo sababu ya ile ya kwanza. Mtu asiye na haya tunamwita mbwa, ilhali mbwa ndiye anayekesha nje kwenye mvua akilinda kuku wetu, na malipo yake ni ugali uliochacha.

Dini zetu, kinyume cha mazoea yetu, zimelizingatia jambo hili. Waislamu wamefundishwa habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila ya chakula, na za mtu aliyesamehewa kwa kumchotea maji mbwa aliyekuwa na kiu. Ndiyo maana si ajabu kuwaona paka wakizurura kwa amani katika vichochoro vya Lamu na hata karibu na misikiti. Wakristo nao husoma katika kitabu cha Mithali kwamba mtu mwenye haki hujali uhai wa mnyama wake. Sembuse wazee wetu wafugaji, waliomwita kila ng'ombe kwa jina na kujua ukoo wake!

Mnyama humfundisha mtoto jambo ambalo mahubiri hayawezi kulifundisha. Paka hawezi kusema kwamba ana njaa. Sharti mtu amwangalie ili ajue. Mbwa akiumwa hawezi kueleza palipo na maumivu. Sharti apapaswe pole pole. Mtoto aliyezoea kumsoma mnyama asiyesema atakuwa mtu mzima anayeweza kuona kwamba mkewe amekonda, kwamba rafiki yake amenyamaza kupita kiasi, au kwamba mama yake hasomi tena gazeti. Huo ndio uhusiano wa paka na kitabu niliouahidi hapo awali. Vyote viwili hutuzoeza kuketi kimya na kumzingatia mwingine.

Hata hivyo, mapenzi kwa mnyama yasiwe ya maneno matupu. Anayempenda mbwa humchanja. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa ungali unawaua watu nchini, na karibu wote wanaoambukizwa huumwa na mbwa, ingawa chanjo ya mbwa ipo na inajulikana. Mnamo 2014 Kenya ilizindua mpango wa kuutokomeza ugonjwa huo ifikapo 2030. Mpango huo hautafaulu ikiwa wenye mbwa wataendelea kuwaachilia wazurure usiku na kuwakana mchana. Na mtoto akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa robo saa, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, wala si kwa mganga.

Vivyo hivyo kwa punda. Katika sehemu nyingi za nchi ndiye anayeteka maji, anayebeba kuni na mazao, na kwa hakika ndiye anayelipa karo. Lakini baada ya uchinjaji wake kuhalalishwa 2012 na ngozi yake kutafutwa kwa ajili ya dawa huko Uchina, familia nyingi ziliamka zikakuta zizi li tupu. Hesabu ya watu na mifugo ya 2009 ilionyesha punda takriban milioni 1.8, ile ya 2019 ilionyesha milioni 1.2. Mnamo Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuipiga marufuku biashara ya kuwachinja punda kwa ajili ya ngozi. Uamuzi huo ulistahiki kupongezwa, kwa kuwa anayemwibia mjane punda wake huwa amewaibia wajukuu wake madaftari.

Najua watakuwapo wa kunisuta. Watasema kwamba hizi ni ndoto za mtu aliyeshiba. Kwamba mzazi anayeondoka nyumbani alfajiri na kurejea usiku hana nguvu za kusoma hadithi. Na kwamba asiyemudu kuwalisha wanawe hawezi kufuga paka. Hoja hiyo ina uzito na siipuuzi. Uchovu wa mfanyakazi wa Kenya ni wa kweli, na mshahara wake hautoshi. Lakini nauliza: hizo saa mbili tunazozimalizia kwenye simu kila usiku, tukitazama maisha ya watu tusiowajua, zilitoka wapi? Mama yangu na mjukuu wake hawana utajiri. Kitabu chao kilikuwa kimoja, tena kilichochanika. Paka wao hula makombo na panya. Walichokuwa nacho ni jioni, na jioni kila mtu anayo, hata kama ni fupi.

Wala sisemi kwamba fedha hazina maana. Fedha zilizotumwa kwa simu zimeokoa maisha ya wengi katika nchi hii tangu huduma hiyo ilipoanza 2007. Ninachosema ni kwamba fedha ziufuate moyo, wala zisitumwe mahali pake. Atumaye fedha na apige simu pia, na akipiga asiulize tu kama zimefika. Aulize umelala vipi, unasoma nini, paka yu wapi, nani alikuja kukujulia hali. Maswali hayo hayagharimu zaidi ya salio la dakika chache.

Basi mapendekezo yangu ni machache. Wazazi watenge dakika ishirini kila jioni za kusoma kwa sauti, na akina baba wasiliachie jambo hili akina mama peke yao, kwani mtoto wa kiume asiyemwona babake na kitabu atadhani kwamba kusoma ni kazi ya wanawake. Wabunge wakiketi kujadili kodi, wakumbuke kwamba kitabu cha hadithi si mvinyo. Serikali za kaunti zijenge maktaba ndogo vijijini badala ya malango makubwa yenye picha za magavana, na zipeleke chanjo za mbwa hadi mitaani, siku inayojulikana na kila mtu. Walimu nao wawaruhusu watoto wasome walau kitabu kimoja kila muhula ambacho hawataulizwa swali lolote juu yake.

Mama yangu alipasuliwa jicho la kulia mwezi wa Novemba, na sasa anaona. Gazeti analisoma mwenyewe, na ninaamini kwamba hata haya atayasoma, kisha atanipigia simu kunieleza nilipokosea. Lakini jioni bado humwita mjukuu wake amsomee. Nilipomwuliza sababu, ilhali macho yamepona, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula ilhali jana alikula.